Maji ya Dushi na Mbegu za Mama Sifa

Nakumbuka vizuri asubuhi ile Mama Sifa alipoingia kwetu ameshika sahani kwa mikono miwili, na ndani ya sahani kuna maharagi yaliyoota. Lakini ngoja kwanza. Nikianzia hapo, mwanangu, hautaelewa kwa nini mutu muzima kama mimi alilia kwa sababu ya maharagi. Umeniita kutoka Ndosho nije huku kwako Majengo niangalie dushi ya kuogea unayojenga nyuma ya nyumba. Nimeona ile tiyo nyeusi, ule mupira wa maji, unayotaka kupanga juu ya bati ili jua likupashie maji. Ni kazi nzuri, sina neno. Sasa weka nyundo chini, ukae, usikie.

Wewe haukuwa umezaliwa. Mimi na baba yako tulikuwa na nyumba ya mbao juu ya mawe ya volcano, kama watu wote wa mtaa ule. Baridi ya asubuhi ya Goma unaijua. Kupasha maji ya kuoga kwa makala, yaani makaa ya kupikia, kila siku, hapana, makala ilikuwa ya chakula. Basi nikalalamika. Nina mudomo, nilikuwa nao tangu ujana. Siku moja baba yako akarudi na pipa la chuma. Akalipaka rangi nyeusi, akapanga mawe mpaka yakamupita kichwa, akalilaza pipa juu yake, na chini ya pipa akatandika bati jipya ili jua lipige kutoka pande zote. Jua likianza kuchoka, mimi nilipanda kulifunika blanketi la zamani, joto lisikimbie. Jioni maji yalitoka ya moto, yananuka chuma kidogo. Nilioga mpaka baba yako akaja kuuliza kama nimelala mule ndani.

Sasa maji machafu yaende wapi? Kuchimba shimo kwenye mawe yetu ni kutafuta kuvunjika mugongo. Lakini nyuma ya dushi kulikuwa na ufa ndani ya jiwe, mukono unaingia. Tukamwaga beseni la maji, yakapotea. Tukamwaga lingine, yakapotea vilevile. Baba yako akacheka, akasema, "Mungu ametuchimbia." Watu wa muji huu wanafanya hivyo mpaka leo: ufa ukimeza, hakuna anayeuliza. Wazee wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ufa wetu tuliushukuru.

Chini yetu kidogo, nyuma ya ukingo wa miti, ule ua uliotenganisha viwanja vyetu, alikaa Mama Sifa, mujane aliyekimbia vita kutoka milima ya Masisi. Vitu vyake vyote vingeenea ndani ya kitenge kimoja. Ila chini ya kitanda alikuwa na gunia dogo la mbegu za maharagi, zimechanganywa na majivu ili wadudu wasizile. Siku ya kukimbia, wenzake walibeba masufuria, yeye akabeba mbegu. Hakuna aliyeruhusiwa kuzipika, hata siku alizolala na njaa. Alikuwa anatuambia, "Siku barabara itafunguka, sitafika kwenye shamba yangu mikono mitupu." Gunia lile ndilo lilikuwa shamba lake, na nyumba yake, na marehemu bwana yake.

Ndipo asubuhi ile akaja na sahani. Maharagi yalikuwa yamevimba, yametoa mikia myeupe.

"Mutoto wangu," akaniambia, "chini ya kitanda yangu kuko maji. Inanuka sabuni yenu."

Nikamujibu haraka, maana nilikuwa naipenda sana dushi yangu. "Mama, maji yetu inaingia chini ya mawe. Haiwezi kufika kwako. Labda ni mvua."

Hakugombana. Alikaa kwenye kiti, akaweka sahani juu ya magoti. "Mvua haina sabuni, mutoto wangu. Na jiwe ya volcano hainywi maji, inapitisha tu. Wewe uko juu, unaona inameza. Mimi niko chini, naona inatapika." Akanisogezea sahani. "Maji ya kuoga, kila mutu anauliza kama iko ya moto ao ya baridi. Ikishamuosha, haulizi inaenda kwa nani."

Hapo ndipo nililia. Yeye ndiye aliyenipangusa machozi, mwanangu, yeye mwenye kupoteza.

Mbegu iliyoota hairudi ndani ya gunia. Ama unaipanda leo, ama inaoza. Na barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa, na kwetu hakuna udongo, ni mawe matupu. Baba yako aliposikia aliinuka pale pale. Aliziba ufa kwa simenti, akaazima chukudu ya rafiki yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaisukuma kwenye njia ya Lac Vert akiomba udongo kwa wenye mashamba. Alirudi mabega yamechubuka, na magunia ya udongo mweusi. Tuliubomoa ukingo, tukamwaga udongo pale pale ulipokuwa umesimama, nusu kwetu, nusu kwake. Maji ya dushi yakaingia kwanza ndani ya beseni yapoe, kisha mufereji wa bati ukayapeleka kwenye maharagi. Mama Sifa akapanda mwenyewe, akanikataza sabuni kali. Zaidi ya nusu ya mbegu zake zilikuwa zimeshaoza, sitakuficha. Zile zilizobaki zilizaa. Tulizianika juu ya bati, karibu na pipa, akazitia majivu, akazirudisha kwenye gunia. Kila musimu tulizipanda tena zisizeeke.

Barabara ikafunguka. Mama Sifa akaondoka na gunia lake kichwani, anaimba nyimbo za kanisa. Lakini kabla ya kuondoka aliniachia mbegu za kutosha kupanda pale kando ya dushi. Akasema, "Nikikimbia tena, nitajua mbegu yangu iko wapi." Nilimukemea asijitabirie mabaya.

Alikimbia tena, mwanangu. Alifika kwangu jioni, miguu imevimba, hana hata kitenge cha kubadilisha. Nilimupeleka kwanza kuoga maji ya moto. Alipotoka, nilipiga magoti, nikavuta gunia langu la mbegu zake kutoka chini ya kitanda changu, nikaliweka mbele yake. Aliingiza mukono ndani, akauacha mule muda murefu.

Kwa hiyo sikukatazi dushi yako. Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Lakini kabla haujapanda juu ya bati na tiyo yako, shuka kwanza uende kwa yule jirani anayekaa chini yako. Mupigie hodi, umuulize amelaza nini chini ya kitanda. Usitosheke kwa sababu jiwe limemeza. Na siku akikuletea sahani, usimwambie ni mvua.

Mungu akupe jua la kutosha, mwanangu. Maji yako yakuoshe wewe, na yakitoka kwako yakute kitu cha kuotesha. Na akifika mutu kwako hana kitu, akute maji ya moto, na mbegu yake ingali iko.