Barua Iliyofika Tupu

Sogea nikueleze, maana jambo lenyewe si gumu, linachukiza tu. Chuo chetu kina mfumo wake wa barua pepe, na kazi ya mwisho lazima ipitie humo, kutoka anwani aliyopewa mwanafunzi. Faili ikizidi ukubwa fulani, mfumo huipokea, hukuandikia "Imetumwa", kisha huing'oa njiani. Ofisini hufika maneno yako peke yake. Wewe huambiwi kitu.

Mimi nililijua hilo baada ya kupoteza mwaka mzima. Jirani yangu wa Utange hakulijua.

Yeye ni mwalimu wa chekechea aliyeingia chuo na mvi zake kichwani. Utafiti wake ulihusu michoro ya wanafunzi wake. Aliipiga picha kwa simu, mmoja mmoja, akaipanga kwenye kurasa. Kazi hiyo ilitakiwa ofisini kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa. Isipofika, jina lake haliingii orodha ya mahafali, na atangoja mwaka mwingine.

Asubuhi ya Ijumaa hiyo nilimkuta anafua, ametulia kabisa.

"Shoga, kazi yako imefika?"

"Niliituma Jumatatu."

"Nauliza kama imefika."

"Imeandikwa imetumwa. Wataka nimfuate mtu ofisini, eti umepata, hujapata? Adabu gani hiyo? Nimemwamkia humo ndani ya barua, nimemuulizia watoto, basi. Akiwa na neno atasema."

Simlaumu. Huku kwetu ndivyo tulivyolelewa: ukishampelekea mkubwa kitu, humwandami. Akinyamaza, ujue amepokea. Mimi mwenyewe nilinyamaza hivyo hivyo mwaka wangu, mpaka orodha ikatoka bila jina langu.

Nilimtoa kwenye beseni, povu bado mikononi, tukaenda chumba cha kompyuta cha chuo. Chumba kile hunichukiza hadi leo. Vibonye vimeganda mafuta ya viazi karai, na kipanya chanata kama kimelambwa. Tukaifungua barua yake. Faili ilionekana mahali pake, imeambatishwa vizuri.

"Si hii hapa?" akasema. "Umeniachisha nguo zangu bure."

Nikaipigia ofisi, nikaiweka simu kwenye spika, nikataja jina la jirani. Karani akatafuta.

"Ya Jumatatu naiona. Imefika tupu."

"Tupu vipi?"

"Salamu tu, mama. Nzuri lakini. Imeniulizia mpaka watoto, nami hata sijaoa."

"Na mbona hukumwambia?"

"Barua tupu hatuzijibu. Twazifuta. Hii sijaifikia tu. Zaja nyingi."

Alisema hivyo kama mtu anayefagia maganda ya machungwa. Pale sokoni Kongowea, gunia likianguka mkokotenini, mpagazi husimama akaliokota, au angalau hukwambia limeanguka. Hawa waliona mikokoteni ikifika mitupu kila siku, wakaisukuma kando, wakaenda kunywa chai.

Jirani yangu alikuwa ameanza kulia.

"Futa machozi," nikamwambia. "Picha ndizo zimeifanya faili kubwa. Tutazipunguza. Pakua faili hiyo, uifungue, ubonyeze picha ya kwanza. Haya, tafuta palipoandikwa kupunguza picha. Chagua ndogo kabisa, na ukubali zote zipunguzwe. Sasa hifadhi kwa jina jipya, usije ukatuma ile ya zamani."

Mikono yangu niliiweka mapajani. Alibonyeza mwenyewe, polepole, akikosea na kurudia. Ilipokaribia saa tisa alituma. "Imetumwa," mfumo ukaandika, neno lile lile la uongo.

Nikapiga simu tena, spika wazi.

"Sasa ina faili," karani akasema.

"Ifungue, kaka."

"Mama, nina kazi hapa."

"Hii ndiyo kazi. Nenda ukurasa wa mwisho, unisomee mstari wa mwisho."

Akaifungua. Kisha akasoma: "Mchoro wa kumi na tisa. Nyumba ya bibi, kuku watatu na jua." Akacheka. "Kuku mmoja mbona mkubwa kuliko nyumba?"

Jirani yangu akanipokonya simu. "Huyo ndiye jogoo! Jina langu umeliandika, mwanangu?"

"Naliandika sasa hivi, mwalimu. Haya, tayari."

Akanikumbatia na povu lake lililokauka. Nilifurahi naye, wallahi, lakini nilitoka mle ndani nimechukia vile vile, nikifikiria salamu zote zilizokwisha kufutwa, na wenyewe wako majumbani wametulia, wanaona si adabu kuuliza.

Wewe uliza. Ukishatuma faili, piga simu ofisini siku hiyo hiyo, na usikate mpaka aliyepokea aifungue na akusomee mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho.