Neno la Siri Nililolitangaza Dukani

Ashukuriwe Mungu, aliyechanganya udongo na pumzi yake kwa kipimo anachokijua mwenyewe, akaniacha hai mpaka nikaitwa babu.

Mjukuu wangu alizaliwa Lindi, anakofanya kazi mwanangu, nami niko kijijini Ntobeye, pembe nyingine ya nchi. Katika ukoo wetu babu hampi mtoto jina kabla ya kumwona uso. Mwanangu akaniletea kwa basi simu ya kugusa, ili anitumie picha. Simu ikagoma: kwanza nifungue akaunti. Nikahangaika nayo mpaka mke wangu akachoka.

"Mtoto wa watu mpaka leo anaitwa 'wewe'. Twende mjini."

Kwenye duka la simu pale Ngara tulimkuta binti mmoja wa Kiislamu, mpole sana. Nyuma yetu kukawa na foleni.

"Shikamoo babu. Andika neno la siri."

"Marahaba." Nikaandika Yesu. Simu ikakataa, fupi mno. Nikaandika Bwana Yesu asifiwe. Ikakataa tena.

"Babu, lazima uchanganye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama," binti akasema. "Kimoja kikikosekana, halikubaliwi."

"Kama mboga," mke wangu akadakia. "Umesahau chumvi."

Mimi nimekuwa katekista tangu ujana wangu, na hapo Mungu akanifungua akili. Ukitaja mstari wa Maandiko, vyote hivyo vimo: jina la kitabu lina herufi kubwa na ndogo, kisha sura, nukta mbili, aya. Nikaandika ule niupendao kuliko yote. Simu ikakubali! Kwa furaha, na kwa mazoea ya mimbarini, nikatangaza kitabu, sura na aya kwa sauti, kisha nikarudia ili walioko nyuma nao wapate kufungua. Mzee mmoja aliyekuwa mlangoni akaukariri mstari mpaka mwisho. Foleni ikaitika Amina.

Binti akashika kichwa. "Babu! Hiyo ilikuwa siri!"

"Neno la Mungu halifichwi, binti yangu."

"La Mungu sawa. La simu linafichwa. Tubadilishe."

"Usijali," mke wangu akamwambia. "Hata mwizi sasa ameshaokoka."

Nikaanza upya. Yule mzee wa mlangoni akasema, "Ataweka ule wa mazishini, namjua." Watu wakacheka. Ndio niliokuwa nimeuanza. Nikafuta.

Mke wangu akanisogelea sikioni. "Chukua ule unaokusinzisha. Kule kwenye majina ya koo na idadi ya kondoo. Hakuna atakayefika huko."

Nikauandika nikiwa nimebana midomo. Simu ikakubali, na baada ya kitambo picha ikaingia: mtoto amelala, ngumi shavuni, amekunja uso kama mzee wa baraza aliyekatizwa usemi. Nilimtazama mpaka miwani ikaingia ukungu. Binti akanionyesha pa kubonyeza ili sauti irekodiwe, nami nikamwita mjukuu wangu kwa jina la marehemu baba yangu, kwa sauti yote niliyo nayo.

Jibu likarudi upesi. Lilikuwa kilio kikali cha mtoto mchanga.

"Amelikataa," mke wangu akasema.

"Ameitika," nikamwambia.

Nawe unayesoma, Mungu akuite kwa jina lako kwa upole, na kila mlango uliofungwa mbele yako aufungue bila kukurudisha mara mbili.