Vidole Vinne vya Bi Mafundo

Bi Mafundo hakuwa mtu wa kusifia vitu. Ukimletea nguo ya kununua, aliishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anavyomshika panya aliyekufa mkiani, akaigeuza ndani nje, akainusa, akakurudishia. "Ivae upesi," alikuwa akisema, "kabla haijakufia mikononi."

Barabara nzima ilimjua. Miaka arobaini na ushei aliketi chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, cherehani ya miguu ikitazama njia, pini mdomoni na wembe wa kufumulia umechomekwa kwenye kilemba. Shule aliionja tu akatoka. Tarakimu zilimsumbua, sita na tisa hakujua ipi imesimama wima na ipi imepinduka. Lakini miili ya watu aliijua. Kila mteja alikuwa na kamba yake, uzi mnene wenye mafundo: hapa mabega, hapa kifua, hapa kiuno, hapa nyonga, na la mwisho urefu. Kwenye ncha alifunga kitambaa cha nguo ya kwanza aliyomshonea mtu huyo, basi akawa anajua hii ni ya nani. Kamba zilining'inia nyuma ya mlango kwenye misumari, nyingi kama ndevu za beberu. Ndipo alipopata jina la Bi Mafundo, na lile alilopewa na wazazi likasahauliwa na kila mtu, yeye mwenyewe nusura.

Kulikuwa na jambo moja la kamba hizo ambalo hakumwambia mtu. Mama yake, aliyemfundisha kazi, aliwahi kuibiwa kamba na fundi wa jirani, na wateja wakamfuata mwizi. Tangu hapo yule mama akawa anafunga mafundo ya kifua, kiuno na nyonga yakiwa yamepungua vidole vinne. Wakati wa kukata, alivilaza vidole vyake vinne juu ya kitambaa, ndipo akapiga chaki. "Hivyo vinne kaa navyo mkononi," alimwambia bintiye. "Atakayeiba kamba ataiba ujinga." Bi Mafundo akakaa navyo, maisha yake yote.

Sasa, nyumba hiyo alikaa na mwanawe, na mke wa mwanawe, na mjukuu mmoja wa kike. Mwanawe alikuwa mtu wa "tutaona". Mkaza mwana alikuwa karani, mwanamke wa kucha ndefu na simu isiyotoka kiganjani, na kila kilichoingia humo ndani alikinunua kwa simu hiyo, kwenye yale maduka yasiyo na mlango wala mwenye duka wa kumshika shati. Alileta taa iliyozimika kabla boksi lake halijatupwa. Alileta ufagio uliotoka kichwa siku ya pili. Alileta ndara, zote mbili za mguu wa kushoto, akazivaa hivyo hivyo mwezi mzima, anatembea kama bata aliyefungwa kamba, kwa sababu eti zilikuwa rahisi mno kuzitupa.

"Mwanangu," Bi Mafundo alimuuliza, "kitu kikiwa rahisi hivyo, nani kakilipia kile kilichobaki?"

"Mama naye! Ni ofa."

"Ofa ni nani? Mumewe ni nani?"

Mkaza mwana akacheka, akaendelea kusugua kioo cha simu kwa kidole gumba.

Mjukuu akaposwa. Bi Mafundo akafurahi kwa namna yake, yaani akatia mafuta cherehani. Wanawake wanane wa upande wa bibi harusi walitaka kuvaa magauni ya sare, na wote wanane kamba zao zilikuwa nyuma ya mlango. Akangoja aletewe kitambaa. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili, kimya. Ya tatu, mkaza mwana akaja kusimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mama, magauni usijisumbue. Yanakuja."

"Yanakuja kwa miguu?"

"Nimeagiza. Gauni moja, mama, ni bei ya vifungo unavyonunua wewe. Vifungo tu! Na umri huu upumzike. Halafu kuna jambo lingine. Kampuni ya mizigo inatafuta nyumba iliyo barabarani, iwe kituo cha watu kuchukulia vifurushi. Chumba hiki kinafaa sana. Baada ya harusi cherehani tutaiweka stoo, itakuwa salama."

Bi Mafundo akamgeukia mwanawe aliyekuwa nyuma ya mkewe akifunga kamba za viatu. "Na wewe umesemaje?"

"Tutaona, mama."

Bibi kizee akarudisha pini mdomoni. Ndani ya kifua chake kitu kilikuwa kimekatika kama mkanda wa cherehani, lakini hangewapa raha ya kusikia mlio wake. Stoo! Stoo ya nyuma, pamoja na ufagio usio na kichwa.

Kifurushi kikaletwa na mtu wa pikipiki zikiwa zimebaki siku tano. Wale wanawake wakajaa sebuleni kama kuku waliomwagiwa punje. Mfuko wa plastiki ulipopasuliwa ikatoka harufu kama ya mafuta ya taa, mjukuu akapiga chafya tatu. Rangi, haya, ilikuwa nzuri. Bi Mafundo alibaki chumbani kwake, akasikiliza kupitia pazia. Kwanza vigelegele. Kisha "vuta pumzi". Kisha "vuta tena". Kisha sauti ya kitambaa kikisema krrrr.

"Nimekwama!" Huyo alikuwa shangazi wa bibi harusi, binti mkubwa wa Bi Mafundo, mwanamke wa mwili wake. "Jamani, mikono yangu iko juu! Nitoeni!"

"Shusha mabega, wifi."

"Yashukie wapi? Yamefungwa!"

Bi Mafundo akainua pazia. Binti yake kasimama katikati ya sebule mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bunduki, gauni limemnasa kifuani, kichwa hakionekani. Wawili wanamvuta kwa chini, mmoja anasukuma kwa juu. Mwalimu wa nyumba ya pili, mwembamba kama ufito, naye lake halikufungika. Hata bibi harusi, aliyejaribu la mwenzake kwa kutania, hakuweza kukaa kitini.

"Kumbe mlinunua magauni ya wanasesere," akasema Bi Mafundo.

"Vipimo nilituma sawasawa!" Mkaza mwana alikuwa karibu kulia. "Nilipima mwenyewe kwa futi, moja moja!"

"Ulimpima nani? Mimi hukunipima," akasema mwalimu.

"Wala mimi," likasema gauni lililomnasa shangazi.

Mkaza mwana akatazama ukuta. "Nilipima... nilipima kamba. Siku ile mama alipokwenda kliniki. Ziko pale pale, ya nini kuwasumbua watu?"

Bi Mafundo akamtazama. Halafu akaanza kucheka, kwanza puani, kisha tumboni, akacheka mpaka akakohoa, akashika mlango. Kikulacho ki nguoni mwako! Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimngoja mwizi aingie kutoka barabarani, kumbe mwizi anakula naye sahani moja.

"Ulipima kamba," akasema alipopata pumzi. Akainua mkono wa kulia, akavikunjua vidole vinne vyenye alama za sindano, akamsogezea karibu na pua. "Na hivi ulivipimia wapi?"

Akawaeleza, kwa sababu siri iliyokwisha kufanya kazi yake haina haja ya kufichwa. Mwalimu akapiga makofi kwa kicheko. Mkaza mwana akaketi sakafuni.

"Basi, mama, utatutanulia? Kidogo tu. Siku tano zinatosha."

Bi Mafundo akachukua gauni moja, akaligeuza ndani nje. Nguo aliyoshona yeye iliachiwa akiba ya kitambaa ndani ya mshono, mtu anenepe, azae, akonde, nguo imfuate. Hapa hapakuwa na akiba hata ya ukucha. Kitambaa kilikatwa mpaka mwisho, kama mtu aliyekunywa mchuzi akalamba na sahani.

"Kutanua nini? Waliokata hili hawakumwachia mtu hata pa kupumulia." Akaendelea kulitazama. Akalichukua la pili, la tatu. Wanawake walidhani anatafuta la kukejeli, na kweli ndilo alilokuwa akitafuta. Lakini alizoea kusoma mishono kama wengine wanavyosoma barua. Mshono wa begani ulikuwa umenyooka, mwisho umefungwa kwa kurudia mara tatu. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Wa ubavuni ukaanza kuyumba. Kwenye pindo ulikimbia, hatua ndefu ndefu, kama mtu anayefukuzwa. Kwenye gauni la saba kulikuwa na unywele, mrefu, umeshonewa ndani ya mshono wa kiuno. Akauvuta kwa wembe taratibu, akauinua kwenye mwanga.

Mweupe.

"Nani kashona haya?"

"Mashine, bibi," akasema mjukuu. "Siku hizi ni mashine tu."

"Mashine haina mvi."

Bi Mafundo akauzungushia ule unywele kwenye pini. "Mtu mzima kama mimi ameketi mahali, anafukuzwa gauni kwa gauni, ili ninyi mpate magauni kwa bei ya vifungo. Hamna haya. Na hata kuvaa hamkuweza."

Hapo mkaza mwana akanyanyuka, uso umewaka. Mtu aliyefedheheshwa mbele ya mawifi hana breki. "Mama, mkuki kwa nguruwe mtamu! Huo uzi unaoshonea unadhani unatoka wapi? Mwaka mzima nakuletea mifuko kwa mifuko. Umewahi kuniuliza nimeutoa wapi? Unatoka humu humu!" Akaitikisa simu. "Ulisema mwenyewe, 'Afadhali huu, rahisi.' Mimi nilikusikia!"

Ni kweli alisema hivyo. Alikumbuka hata mahali alipokuwa ameketi. Bei iliposhuka alifurahi, akafunga mdomo, yeye ambaye hakuwa na jambo asiloliuliza. Nyani haoni kundule. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alijitazama mwenyewe kwa yale macho aliyokuwa akiwatazamia wengine, na hakupendezwa na alichokiona. Hakuomba radhi, hakuwa na desturi hiyo. Akarudi chumbani, akakaa kitini, na kwa muda mrefu hawakusikia pedali.

Aliporudi alikuwa amejifunga kanga kiunoni.

"Sikilizeni. Kila gauni litatiwa kipande ubavuni, kutoka kwapani mpaka nyongani, kulia na kushoto. Kitambaa cheupe ninacho, nilimwekea bibi harusi shuka. Shuka atalala nayo siku nyingine. Uzi utaletwa kutoka duka la pale kona, kwa bei ya pale kona, bila kumlilia mwenye duka apunguze. Ule wa mfukoni nitautumia kwangu mpaka uishe, nikiutukana. Kuutupa ni kumdhulumu mara ya pili aliyeusokota. Na kufumua mtafumua wenyewe. Kila mtu na gauni lake, kwa wembe, hapa chumbani kwangu, mbele ya macho yangu."

"Mimi kucha zangu, mama..." akaanza mkaza mwana.

"Zikate."

Wakaja. Siku ya kwanza walikuja wakicheka, siku ya pili walikuja na mito ya kukalia. Wanane kwenye viti, ndoo na mkeka, wameinamia mishono kama watoto waliopewa adhabu. Mwalimu alijikata kidole. Shangazi alisema kazi hii ni ya wafungwa. Mkaza mwana, kucha zimekatwa, tangu asubuhi mpaka adhuhuri hakumaliza ubavu mmoja, macho yakimtoka machozi.

"Hivi, kufumua tu ni hivi," akasema kama anajisemea, "kushona je? Kwa bei ile walimpa nini yule mama?"

"Ndiyo kwanza unauliza," Bi Mafundo akamjibu, mguu unakwenda. "Swali la kabla ya kununua unaliuliza baada ya kuchana. Hongera."

Siku ya tatu, wakiwa wote humo, kivuli kikaziba mlango. Mtu wa kampuni ya mizigo, shati limepigwa pasi, futi ya chuma mkononi.

"Nimekuja kupima chumba cha rafu," akasema. "Ndiyo hiki, siyo? Tulikubaliana na mama hapa." Akamwelekezea kidole mkaza mwana.

Bi Mafundo akaondoa mguu kwenye pedali. Gurudumu likazunguka kidogo, likasimama. Chini ya sindano lilikuwa gauni la shangazi, nusu lina ubavu, nusu halina. Alikunja mikono kifuani, akamtazama mke wa mwanawe, na wanawake wengine saba wakamtazama pia, kila mmoja na gauni lililofumuliwa mapajani. Na mwana wa "tutaona" alikuwa ukumbini, akakohoa, akakumbuka kazi uani.

Mkaza mwana akatazama cherehani. Akatazama kamba nyuma ya mlango. Akatazama wembe mkononi mwake.

"Hapana," akasema.

"Hapana vipi? Si ulisema baada ya harusi..."

"Nilisema. Sasa nasema chumba kina kazi. Kaka, unatuzibia mwanga."

Yule mtu akakunja futi yake, ikajivuta ndani kwa mlio, akaenda zake. Wanawake wakashusha pumzi. Shangazi akaanza kupiga kigelegele, akakikatiza katikati alipoona uso wa mama yake.

Kwani Bi Mafundo hakutabasamu, wala hakushukuru. Kushukuru kwa kutotupwa stoo ndani ya nyumba yako mwenyewe, hiyo nayo ingekuwa bei ya rahisi. Alivilaza vidole vinne juu ya kile kitambaa cheupe, akapiga chaki, akarudisha mguu kwenye pedali.

"Angalia wembe wako," akamwambia mke wa mwanawe. "Unakata kitambaa."