Fundi wa Vibao na Nyumba Isiyo na Kibao

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi basi linatoka kituoni, na mzee aliyekaa dirishani anasoma vibao vya maduka kwa sauti.

"Vipuri vya Baiskeli, changu. Duka la Dawa, changu. Hicho cha bucha si changu, hata ukinipa ng'ombe mzima siwezi kuandika hivyo."

Mkewe, mwenye bahasha ya picha za eksirei mapajani, anamgusa goti. "Baba watoto, pumzisha ulimi. Umeambiwa."

Ulimi huo ndio uliowatoa nyumbani. Mtaani wanamwita Brashi. Ana miaka sitini na mitatu, na arobaini kati ya hiyo ameimaliza juu ya ngazi akiandika majina ya biashara za watu. Mwaka jana alitokwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, akadhani ni jino lililovunjika linamkwaruza. Ilikuwa saratani.

Kwa miezi mitatu amekuwa akitumia dawa mpya inayojaribiwa na kituo cha utafiti, mwendo wa saa nne kwa basi. Leo, Alhamisi, madaktari wanapima kama imefaa. Ikiwa imefaa, ataendelea nayo. Isipofaa, watakata kipande cha ulimi.

"Mimi naandika huku naongea," anasema. "Nikinyamaza, mstari unapinda."

Kazi alifundishwa na mjomba wake, ambaye alikuwa akilamba brashi ili nywele zishikane na kutoa ncha. "Mjomba alisema brashi isiyolambwa haina adabu. Nimeonja rangi zote. Nyekundu ndiyo mbaya kuliko zote." Daktari alipomuuliza kuhusu kazi yake, alimwonyesha kwa vitendo. Daktari aliandika, hakusema ndiyo wala hapana.

Enzi hizo kibao kilichukua siku nne: msasa, rangi ya chini, mistari ya penseli, kisha herufi. Mwenye duka alileta chai, akasimama barabarani kuangalia jina lake likitokea. Siku hizi mashine inachapa kwa robo saa. Mwaka jana Brashi alipata kazi saba tu, na jambo hilo linamuuma kuliko kidonda. Wala hafichi.

Kwenye kituo cha utafiti wanaingizwa chumba cha ghorofa ya pili, chenye meza nyeupe na kipaza sauti kidogo. Mtaalamu wa matamshi, binti wa rika la kitinda mimba wao, anampa karatasi ileile aliyoisoma miezi mitatu iliyopita, ili sauti mbili zilinganishwe. Ni habari ya mkulima na mvua. Anajikwaa mara tano, anafika mwisho, anaisukuma kando.

"Binti yangu, karatasi yako haina chumvi. Niache nisome mtaa wangu."

Binti anacheka. Mashine anaiacha iendelee kurekodi.

Brashi anafumba macho na kuusoma mtaa kama ulivyokuwa miaka thelathini iliyopita, kuanzia posta mpaka stesheni. "Kinyozi Mkono Mwepesi. Studio ya Picha, Njoo Unavyojipenda. Saa na Miwani. Fundi Redio, Hata Iliyokufa." Mlango kwa mlango, vibao ishirini na saba. Studio sasa ni uwanja wa kuegesha magari, na kinyozi alishazikwa, lakini humu chumbani wote wamefungua. Mwandishi wa makala haya, aliyefuatana nao tangu kwenye basi, aliona afadhali aangalie dirishani.

"Umeruka mlango mmoja," anasema mkewe.

"Upi?"

"Wangu."

"Ule hauna kibao."

"Ndicho ninachosema."

Mama huyu anashona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Tangu aanze, miaka thelathini sasa, amekuwa akiahidiwa kibao "kesho". Wateja huelekezwa hivi: tafuta nyumba ya fundi wa vibao, ile isiyo na kibao.

Saa nane mchana daktari anawaita. Uvimbe umepungua, ila si vya kutosha. Jumanne watakata theluthi ya ulimi. Ataongea tena, anasema daktari, lakini si kama sasa, na maneno mengine yatamchukua muda.

Brashi anahesabu kwa vidole: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

"Siku nne," anasema. "Zinatosha."

Jumatatu asubuhi ubao umelazwa juu ya viti viwili mbele ya mlango wao. MAPAZIA, MASHUKA NA FORONYA, kwa kijani alichochagua mwenyewe mama. Imebaki herufi ya mwisho. Mama amesimama barabarani na kikombe cha chai, kama walivyokuwa wakisimama wenye maduka.

Brashi anachovya brashi na, kwa mazoea, anaipeleka mdomoni. Mkewe anakuja mbio na kumshika mkono. Anaichukua, anaisokota ncha kwa vidole vyake mwenyewe mpaka inachongoka, anamrudishia. Vidole vimebaki kijani.

"Nikirudi kutoka hospitali," anasema Brashi, "nitasimama pale barabarani ulipokuwa umesimama, nikisome chote kwa sauti. Ila hiyo foronya, sijui."

"Wewe soma tu," anasema mkewe. "Nimekingoja miaka thelathini. Sitakukosoa matamshi."