Nyonga Mpya, Mlima Uleule

Safari hii ilianza na barua ya afisa elimu. "Ndugu Mwalimu Mwanaidi," aliandika, "kwa kuwa afya yako hairuhusu tena kupanda mlima, ofisi inakusudia kukuhamishia Kingolwira, ambako ardhi ni tambarare." Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilikasirika siku mbili mfululizo. Nilikuwa nimefundisha kijijini kwetu, juu ya Mkuyuni, zaidi ya miaka ishirini, na mama yangu yuko hukohuko juu, macho yamekwisha, hataki hata kusikia habari ya kushuka bondeni. Ningehamia Kingolwira na mguu wangu mbovu, mama ningemjua kwa salamu za watu tu, mpaka siku ya kuitwa msibani.

Lakini afisa hakusema uongo. Nyonga yangu ya kulia ilikuwa imelika. Nilipanda njia ya shule kwa fimbo, nikipumzika kila baada ya migomba michache, na watoto wa darasa la tatu walinipita wamebeba kuni. Daktari wa Morogoro alinipiga picha, akaiinua dirishani, akasema Dar es Salaam yuko bingwa anayeweza kuitoa nyonga ile na kuweka ya chuma. Nikarudi kwa afisa kuomba likizo ya ugonjwa. Alinipa hadi shule zifunguliwe Januari.

"Ukifika shuleni siku hiyo kwa miguu yako mwenyewe, barua naichana," alisema.

Nikamwambia aweke akiba ya nguvu za kuchania.

Stesheni ya Morogoro, mwanzoni mwa Septemba. Nilisindikizwa na Salehe, mtoto wa mjomba wangu, kwani hospitali ilitaka kila mgonjwa wa kupasuliwa aje na ndugu wa kumtolea damu. Kwa desturi zetu binamu ni mtani, kwa hiyo kauli nzuri sikuitarajia.

"Binamu, wakishakuwekea chuma, mvua ikinyesha ukae ndani," alisema. "Utashika kutu, nasi grisi hatuna, hata duka la ushirika halina."

Treni iliposimama Kingolwira nilitazama upande mwingine.

Dar es Salaam, wodi ya mifupa. Bingwa alikuwa mtu mfupi, mwenyeji wa Bukoba, asiyependa maneno mengi. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu akanieleza kwamba atakata kichwa cha mfupa wa paja kilicholika, aweke cha chuma, na ndani ya nyonga atie kikombe cha kukipokea. "Mimi nina kazi ya saa mbili au tatu, Mwalimu," alisema. "Kazi ya miezi mitatu ni ya kwako."

Asubuhi ya pili nilidungwa sindano ya usingizi. Nilipoamka mdomo ulikuwa mkavu, mguu mzito kama gunia la mahindi lililolowa, na katikati ya mapaja nimewekewa mto ili miguu isipishane. Maumivu yalikuja, siwezi kudanganya. Ila yalikuwa maumivu ya kidonda, si yale ya mfupa kusaga mfupa niliyokaa nayo miaka minne. Haya ya kidonda niliyaona kama wageni, watakaa kisha wataondoka.

Siku ya tatu alikuja Dada Felista, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa Songea mwenye mikono ya mkulima. Alinisimamisha. Nilimwambia kidonda bado kibichi. Akasema ndiyo, na kitandani hakitaiva. Kila saa nilipaswa kuchezesha vifundo vya miguu ili damu isigande, na kukaza misuli ya paja. Kisha magongo mawili: siku ya kwanza mpaka mlangoni, baadaye barazani, baadaye ngazini. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, unatangulia mgonjwa.

Na makatazo. Goti lisipande juu kuliko nyonga. Nisikalie kigoda wala mkeka, nisipishanishe miguu, nisiiname kuokota hata kijiko, nisichuchumae, nisipige goti. Nyama zinazozunguka nyonga zilikuwa bado hazijashika, na chuma kingeweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Niliyarudia yote kwa moyo kama majedwali ya hesabu, na Felista akanisifu kuwa mwanafunzi mzuri.

Siku ya tisa nilikuwa katikati ya wodi na magongo yangu alipoingia bibi mmoja wa Kisarawe, mzee sana, kumtazama mgonjwa wa kitanda cha jirani. Alisimama mbele yangu. Kabla akili haijafika, adabu ilikuwa imekwisha fika. Magoti yalijikunja, nikashuka, "Shikamoo, bibi," na hapo kitu kikavuta ndani ya nyonga nikapiga yowe, nikaangukia ukingo wa kitanda.

Felista alikuja mbio. "Si nimekukataza kuchuchumaa?"

"Sikuchuchumaa. Nimesalimia."

"Nyonga haijui tofauti!"

Picha ilionyesha chuma hakijatoka mahali pake. Hata hivyo bingwa alinilaza wiki nzima bila kushuka kitandani. Nililia. Maumivu yalikuwa madogo. Nilichokililia ni siku saba zangu. Bibi wa Kisarawe alikuja kunipa pole akiwa na hatia usoni, nami nikamwamkia nimelala chali, jambo ambalo kwetu halijapata kuonekana.

Oktoba, Kilakala, mjini Morogoro. Salehe alinifuata, tukarudi kwa treni, mimi nimekalia mablanketi mawili yaliyokunjwa ili kiti kiinuke. Mlimani sikuruhusiwa bado. Alinipokea Mwalimu Agnes, rafiki yangu tuliyesoma naye ualimu, ambaye nyumba yake iko mwinukoni chini ya milima. Jambo la kwanza lilikuwa choo, maana choo cha shimo na nyonga mpya havipatani. Agnes alimwita fundi seremala, akatoboa tundu kwenye kiti cha mbao, tukakisimamisha juu ya shimo. Watoto wake wakakiita kiti cha mwenyekiti.

Kila asubuhi nilipanda mwinuko. Wiki ya kwanza niliishia kwenye ua wa jirani. Wiki ya nne nilifika geti la shule ya wasichana, na baada ya kurudi kliniki niliruhusiwa kuacha gongo moja. Mguu ulivimba jioni, nikauinua juu ya mito, kesho yake nikatoka tena. Siku nyingine nilichukia kila jiwe la Kilakala, lakini nilitoka.

Kilichoniuma zaidi ni salamu. Nilijilazimisha kuwaamkia wazee nikiwa nimesimama wima kama mlingoti. Wengine nilipowaeleza walielewa. Mzee mmoja muuza mkaa aliniuliza kama dharau ile ni somo la chuoni, akaenda zake bila kuitikia.

Januari, Mkuyuni, siku ya kufungua shule. Basi lilituteremsha saa moja asubuhi, mimi na Salehe, naye kichwani amebeba kiti kirefu cha kupumzikia. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akitungoja na wanaume wanne na machela ya miti.

"Mwalimu, watu wameacha mashamba kuja kukubeba," alisema.

"Ahsanteni sana, baba. Wabebeni mizigo."

"Tutaonekana hatuna utu."

"Semeni mwalimu ni mkaidi. Watawaamini."

Salehe akacheka, akawaambia wasipoteze muda, chuma hakibebeki. Tukaanza. Njia ilikuwa na utelezi wa mvua za usiku. Mguu mzima unatangulia, nikawa nasema moyoni, na gongo, kisha mwingine. Machela ilitufuata nyuma kimyakimya, maana balozi hakukata tamaa. Mwendo wa saa mbili ulinichukua saa tano. Wanaoniuliza leo kuhusu upasuaji huu nawaambia hivyo: daktari atakutoa maumivu, lakini njia hatakupandia, na ukitaka kuipanda haraka utairudia.

Saa sita nilifika shuleni. Mwalimu mkuu aliandika papo hapo kwamba nimeripoti kwa miguu yangu, akagonga muhuri, nikamkabidhi Salehe karatasi ile ampelekee afisa. Kisha nikaendelea juu kidogo, kwa mama.

Alikuwa kwenye kigoda mlangoni, anapukuchua maharage. Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, Mama."

Mikono yake ilisimama.

"Nani wewe?" aliuliza. "Sauti ni ya Mwanaidi. Lakini Mwanaidi huburuta mguu, namsikia tangu kwenye migomba. Na hajapata kuniamkia kutoka juu kama mkusanya kodi."

Balozi akatazama chini. Magoti yangu yalitaka kujikunja yenyewe. Nilikuwa binti yake kabla sijawa mgonjwa wa mtu yeyote, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikalishika gongo kwa mikono miwili.

"Ni mimi, Mama. Nikipiga goti chuma kitachomoka, nirudi Dar es Salaam. Nisamehe."

Mama aliweka ungo chini. Akashika mwimo wa mlango, akainuka polepole, akaja ametanguliza mikono hadi ikanifikia tumboni, mabegani, mashavuni.

"Marahaba," alisema. "Haya, tembea nikusikie."

Nikampa balozi gongo. Nikavuka uwanja taratibu mpaka kwenye jiko, nikageuka, nikarudi. Mama alisikiliza, shingo ameiinamisha, kama anayehesabu hatua.

"Zinalingana," alisema. Akarudi kwenye kigoda, akaomba ungo wake.