Chanjo ya Meneja na usipa wa Mama

Leo paka wa jirani wote wamechanjwa kichaa cha mbwa uani kwetu. Aliyekosa ni wa kwetu!

Tangu achomwe mwaka jana, paka wetu Meneja akisikia pikipiki ya bwana mifugo tu, huyoo, hadi jioni.

Mimi nilitaka tupange chanjo yake Jumatatu. Mama akakataa.

"Tutamwita bwana mifugo siku nikipata usipa. Harufu itamleta Meneja yenyewe."

Leo kapata dagaa hao, wabichi kabisa kutoka ziwani. Bwana mifugo kaacha pikipiki barabarani, kajibanza nyuma ya mlango na sindano yake. Mama akaanza kukaanga.

Jamani! Wakaja paka wa mtaa wetu wote wa Mbugani. Nyuma yao wenye paka, wakisalimu: "Ndaga, Mama! Na wa kwetu mchomeni basi."

Bwana mifugo kachoma mpaka jasho linamtoka.

Meneja je?

Yuko juu ya bati, usipa mdomoni. Kauchukua saa ngapi, sijui. Nyie mngecheka au mngelia?

"Sasa huyu nimpangie lini, Mama?" bwana mifugo akauliza.

Mama kakitazama kikaango kitupu.

"Njoo kesho. Ila uje na usipa wako."