Mkono Uliotoa Mahari

Mgborie alioa mke akiwa amevuka miaka arobaini, na mahari yote ilitoka kwenye muhogo. Hilo kijiji kizima kililijua, wakiwemo wale waliokuja kulikana kortini mchana kweupe.

Mumewe, Ndukwe, alikufa bila kumwachia mtoto. Alichomwachia ni mteremko wa udongo mwekundu kando ya kijito, ardhi iliyochoka ambayo hakuna mwanamume aliyeitaka kwa viazi vikuu. Na viazi vikuu, kwetu sisi Waigbo, ndivyo vilivyompa mwanamume jina. Mwanamke alipalilia tu na kubeba. Mgborie akauchukua mteremko wake, akachomeka vipande vya muhogo, watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Udemba, mdogo wa marehemu, kwa sababu alikuwa ametaka kumrithi mjane huyo na akakataliwa.

"Mke wetu," alimwambia, kama wanavyoitwa wote walioolewa katika ukoo, "hicho ni chakula cha mbuzi na wajane."

"Mjane ndiye mimi, nitakula," Mgborie akamjibu. "Mbuzi naye akitaka, aje na bakuli lake."

Kisha reli ikapita upande wa pili wa mto, na wachuuzi wa mjini wakaanza kuulizia unga wa muhogo uliokaangwa. Waliocheka wakaja kuomba mbegu. Mgborie hakumnyima mtu, ila alimkumbusha kila mmoja maneno yake, neno kwa neno, kabla ya kumpa. Alikuwa hivyo. Hakusahau kitu.

Lakini mjane asiye na mwana analima ardhi ya kuazima. Akifa inarudi kwa shemeji, na akizeeka inarudi kabla hajafa. Dawa yake ilikuwepo tangu zamani: mwanamke mwenye uwezo huoa mke, na watoto wa mke huyo huwa wake, wa nyumba ya marehemu mumewe. Nani aliyemzalisha mke huyo, mwenye adabu haulizi. Basi Mgborie akamchagua Ugodia, binti mrefu mwenye kicheko cha kusikika hadi kijiji cha pili.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Mwanamke havunji kola, ile kokwa chungu ya kufungulia mazungumzo ya heshima, mbele ya wanaume, wala haingii kwenye baraza la baba wa binti kuweka mahari chini. Lazima mwanamume amsemee. Na wa kumsemea, kwa utaratibu, ni ndugu wa mumewe.

"Shemeji," alimwambia Udemba, "wewe utatoa mdomo na mkono. Mfuko ni wangu."

"Leo mke wetu ananiajiri!" Udemba alicheka, lakini alikwenda. Mvinyo wa mchikichi ulikuwa mwingi, na Udemba hakuwa mtu wa kuupa mgongo.

Siku hiyo Mgborie alikaa mlangoni pamoja na wanawake. Alimwona Udemba akivunja kola, akamwona akimkabidhi mzee zile pauni zilizonuka moshi wa jiko la kukaangia. Baba yake Ugodia alizipokea, kisha akatazama juu ya bega la Udemba, moja kwa moja hadi mlangoni, akamwinamishia kichwa Mgborie. Mgborie aliridhika na kile kichwa kilichoinama, akarudi nyumbani akiimba. Hapo ndipo alipokosea, maskini, na mtu yeyote wa kwetu angekosea vilevile.

Walikaa vizuri, yeye na mkewe. Ugodia alipotoka kijitoni alimpigia kelele kutoka mbali, "Mume wangu, umekula? Au unanisubiri nikutafunie?" Mgborie alijifanya kukasirika, akimfukuza kwa mwiko. Mwaka wa pili akazaliwa Obiajulu, mtoto mweusi tititi, mwenye masikio ya kusimama. Ugodia akamfundisha kumwita Mgborie "Baba." Mwanzoni ulikuwa mzaha. Mtoto yeye hakujua mzaha. Aliita kwa moyo wote, na Mgborie aliacha chochote alichoshika akaitika.

Mambo yaligeuka mtoto alipofikisha umri wa shule. Mwalimu wa misheni alitaka jina la baba la kuandika daftarini, akaambiwa Mgborie, akaweka kalamu chini. Akasema Mungu hajui baba anayevaa kitambaa kifuani. Wanawake waliokwisha kubatizwa walimshika Ugodia kijitoni: "Mwenzetu, mumeo akikohoa usiku mnaambizana nini?" Ugodia akaacha kucheka. Kisha akaacha kuita mume wangu. Mgborie aliona, akadhani ni uchovu, akamnunulia kitambaa kipya cha buluu.

Msimu wa kupanda ulipofika, Mgborie alishuka mteremkoni akakuta matuta makubwa yameinuliwa katikati ya muhogo wake, matuta ya viazi vikuu. Udemba alikuwa amesimama hapo na jembe.

"Umepotea njia, shemeji?"

"Sijapotea, mke wetu. Hili ni shamba la kaka yangu. Namlimia mwanangu."

"Mwanao yupi tena?"

"Obiajulu. Au mahari ya mama yake aliitoa nani? Si mkono huu?"

Mgborie alicheka, akijua huo ni utani wa shemeji. Akayasambaratisha matuta mawili kwa mguu, na hapo akaona kwamba Udemba hacheki.

Alikwenda kwa wanawake wa kijiji, akawaomba wafanye kama walivyofanya mama zao: wamwendee Udemba nyumbani, wamkalie, waimbe aibu zake uani mpaka aombe radhi. Walisikiliza wote. Lakini mwaka uliopita askari walikuwa wamewafyatulia risasi wanawake walioandamana kule kusini, na hofu ilikuwa bado mbichi. "Tutakuja, dada," walimwambia. Alipika sufuria mbili za chakula cha kuwapokea. Chakula kilichacha.

Basi shauri likaenda korti ya serikali, na Mgborie hakuogopa sana, kwa sababu mashahidi walikuwa hai. Karani, kijana wa suruali fupi iliyopigwa pasi, alianza na baba yake Ugodia.

"Siku ya mahari, nani alikukabidhi fedha mkononi?"

"Udemba alinikabidhi, lakini zilikuwa za…"

"Jibu ulichoulizwa. Nani?"

Mzee huyo alizoea kunyamazisha mkutano mzima kwa kuinua fimbo. Akamtazama karani, akaitazama ile kalamu. "Udemba," alisema. Hakugeuka upande aliokaa Mgborie.

"Wazee wangu!" Udemba akadakia, akiwageukia watu. "Mke wetu huyu, tulimwoa sisi. Sasa naye anataka kuoa! Kesho mbuzi wetu wa kike atatuletea posa." Korti nzima ikaangua kicheko. Mgborie alimkazia macho Ugodia, aliyekuwa amejifunga kile kitambaa cha buluu. Alijiambia, waache wacheke, mke wangu hajasema bado.

"Wewe," karani alimwita Ugodia. "Mumeo ni nani?"

Ugodia alivuta upindo wa kitambaa.

"Udemba."

"Na huyu mama?"

"Ni mjane wa kaka yake mume wangu. Nilikuwa namsaidia shambani."

Ikaandikwa. Ardhi kwa Udemba, amlindie mtoto. Mama apewe msimu mmoja avune alichopanda.

Mgborie alimkamata Ugodia nje, kwenye jua, mbele za watu.

"Ulikuwa unanisaidia shambani?"

"Niachie mkono."

"Uliumwa miezi mitatu ulipomzaa. Nani alikuogesha? Ni Udemba?"

"Ni wewe." Ugodia alikuwa analia. "Nimechoka kuchekwa, Mgborie. Nataka mwanangu aandikwe kama watoto wa watu. Wewe huwezi kumwandikisha. Ungeweza, ningesema jina lako."

Miaka saba hakuwahi kumtaja kwa jina lake. Mgborie akamwachia mkono. Udemba aliwahi kumcheka na kumtamani, na kutoka kwake Mgborie hakutarajia kitu. Lakini Ugodia alimtoa kwao yeye mwenyewe, akamlisha, akamwamini kuliko tumbo lake mwenyewe. Uchungu huo haukuwa na mahali pa kuuweka.

Alivuna muhogo wake wote, siku kumi na mbili. Wanawake wale wale ambao hawakwenda kwa Udemba walikuja kumsaidia kubeba, kwa aibu, na yeye hakuwafukuza, ila hakuwapa salamu. Siku ya mwisho Udemba alikuwa juu ya mteremko akipima nafasi ya matuta yake. Mgborie aliinama kung'oa shina la mwisho, lililoshikilia ardhi kwa mizizi minne.

Akasikia miguu inakimbia, na sauti aliyoifahamu.

"Baba! Baba!"

Aliuacha muhogo, kama siku zote. Alifuta mikono haraka kwenye kitambaa, akainuka, akafungua mikono.

"Naam, mwanangu! Niko hapa."

Obiajulu alisimama hatua mbili mbele yake, amevaa kaptura ya shule, masikio yamesimama. Alimtazama, akatazama juu ya mteremko, akamtazama tena. Alikuwa mtoto mwenye heshima, aliyelelewa vizuri, na aliyemlea alikuwa Mgborie.

"Siyo wewe, mama," alisema kwa upole. "Samahani. Namwita baba."

Akampita.